Mawe elfu kumi kwa antena ya redio: jinsi ninavyotengeneza barabara ya pave, yaani ya mawe, kwenye reli ndogo

Kibanda changu kiko Kamalondo, hapa Lubumbashi, na kazi yangu ni kufungua vitu vilivyokufa: redio, televisheni, amplifaya za kanisa, na siku hizi simu kuliko vyote. Antena zilizovunjika nilikuwa nazitupia kwenye kopo la maziwa ya unga bila kujua nazitunza za nini. Sasa najua. Kipande cha antena ya redio ndicho chombo kilichoshinda kwa uzuri vyote nilivyojaribu katika kutengeneza barabara ya mawe kwa ajili ya treni za mfano. Nitaeleza jinsi ya kukifanya, na makosa yangu pia, kwa sababu makosa hayo yalinila miezi minane.

Kwanza niseme treni zenyewe zilitoka wapi. Marehemu baba alikuwa fundi kwenye karakana za reli. Alianza kampuni ikiitwa BCK, akatoka ikiitwa SNCZ, na nyumbani tulilelewa kwa filimbi ya mashini, yaani kichwa cha treni. Kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema huku, anaishi Charleroi, Ubelgiji. Siku moja akanitumia sanduku: reli za kutosha meza moja, mashini ya dizeli ya kijani, na vagoni sita za Ubelgiji, zote za kipimo cha 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Nilitaka kujenga stesheni yetu ya Lubumbashi palepale. Hesabu ikakataa. Njia yetu ya reli ina upana wa milimita 1067. Gawa kwa 87, unapata 12.3. Reli za kwenye sanduku zina 16.5, maana zinaiga njia ya Ulaya ya milimita 1435. Ningelaza njia pana namna ile na kuiita ya kwetu Katanga, baba angetoka kaburini kunipima kwa rula. Basi nikajenga kiwanja cha mizigo cha mji mdogo wa Ubelgiji, ghala mbili na barabara moja inayokata reli. Na ukisema barabara ya zamani ya Ubelgiji, umesema mawe.

Tazama mawe kabla ya kushika kisu

Sijafika Ulaya. Mawe yao nimeyasoma kwa njia mbili. Ya kwanza ni picha ambazo yaya alipiga kwa simu, nikamwambia asinipigie majengo, ainamishe simu chini. Ya pili ni mbio za baiskeli. Kila mwaka, kwenye Aprili hivi, kuna Paris–Roubaix na zile mbio za Flandria, na wenzangu wakishangilia waendeshaji mimi natazama ardhi. Mawe ya mashambani kule ni makubwa, yana migongo ya mviringo, na Waflemi, watu wa Flandria, huyaita vichwa vya watoto. Katikati ya barabara yamekaa juu, pembeni yamezama na kujaa tope. Ya mjini ni mengine: yamechongwa vizuri zaidi, juu yamelala, viungo vyake ni vyembamba. Mengi yalikatwa kwenye machimbo ya Quenast na Lessines, jiwe gumu liitwalo porifiri, lenye kijivu kinachoelekea bluu au kijani. Kumbuka rangi hiyo, nitairudia.

Jambo ambalo sikuliona mwanzoni ni mpangilio. Mistari ya mawe inakata barabara kwa upana wake, haiendi na safari. Sababu yake ni kwato na magurudumu: farasi alihitaji kiungo cha kukanyagia anapovuta, na gurudumu likikuta kiungo kirefu kinachofuata njia lingeingia humo na kukichimba. Ndani ya kila mstari jiwe linalala kwa urefu wake, na kiungo chake hakikutani na kiungo cha mstari wa nyuma. Pembeni, karibu na ukingo wa waendao kwa miguu, kuna mstari mmoja au miwili inayogeuka na kufuata barabara. Huo ndio mtaro wa maji.

Barabara ya kwanza niliyochora mwenyewe haikuwa na hayo. Nilichora miraba tu kama daftari la hesabu. Mzee mmoja wa mtaa wetu, mwashi, alikuja kuchukua redio yake, akainama juu ya meza, akauliza: “Fundi, nani alikuachia viungo vipite moja kwa moja hivi? Mvua ya kwanza ikinyesha, hii yote inafunguka.” Alikuwa anazungumzia barabara ya urefu wa mkono mmoja. Lakini alikuwa na haki, na tangu siku ile nafanya kana kwamba lori litapita.

Kuhusu yale mawe madogo yanayopangwa kama mkia wa tausi uliofunguliwa: yaache. Kila jiwe pale lina ukubwa wa karibu milimita moja kwa kipimo chetu, na upinde ukikosea kidogo jicho linaona mara moja. Nimejaribu mara mbili, zote ziko kwenye takataka.

Vipimo

Jiwe la mjini lenye uso wa sentimita 14 kwa 20 linakuwa milimita 1.6 kwa 2.3. Ni dogo kuliko unavyofikiri. Watu wengi huchonga mawe ya milimita nne au tano kwa sababu mkono unapenda hivyo, halafu dereva wa lori anaonekana kama anaendesha juu ya matofali ya kujengea nyumba. Simamisha mtu wa plastiki wa kipimo chako juu ya kazi: kiatu chake kifunike zaidi ya jiwe moja.

Barabara yangu ina upana wa sentimita 7, yaani kama mita sita za kweli, na urefu wa sentimita 60. Fanya hesabu: mawe 29 kwa mstari, mistari 350 na zaidi. Ni mawe elfu kumi na kidogo. Ndiyo maana sikushauri kuchonga moja moja kwa sindano, ingawa nimefanya.

Nilichoacha

Karatasi iliyochapwa picha ya mawe ilikuwa ya kwanza. Ni rahisi, na kwa mbali inadanganya, lakini taa ikiwaka pembeni inang'aa kama kalenda. Msimu wa mvua ulipoingia ikajaa malengelenge.

Ya pili ilikuwa udongo wa kichuguu. Vichuguu vinazunguka mji wetu pande zote, na watu wanafyatulia matofali kwa udongo huo, nikasema utanifaa. Niliuchekecha kwa kitambaa, nikaulaza unene wa milimita tatu, nikachora mawe mazuri sana. Ilikuwa Julai. Baridi ile kavu ilikausha sehemu ya juu kabla ya chini, na asubuhi barabara ilikuwa imepasuka kama kisigino.

Plasta ndiyo iliyotoa mawe mazuri kuliko yote, nisifiche. Ukiilaza laini, ukaiacha ikauke kidogo, ukachora kwa sindano ya cherehani, kila jiwe linapata ukali wake. Lakini sentimita 20 zilinichukua wiki mbili za jioni, na siku mama watoto alipotaka meza isogezwe apate nafasi ya kuweka jokofu, ikakatika katikati. Kama meza yako haitasogezwa kamwe na una subira ya mtawa, tumia plasta. Wengine tufuate povu.

Povu na antena

Povu ninalosema ni la zile sahani nyeupe ambazo maduka makubwa yanauzia nyama na samaki. Si lile la kufungia televisheni, lenye punje punje. Hilo likibonyezwa linaonyesha punje zake. La sahani ni laini, na likibonyezwa linakaa hivyohivyo. Chagua sahani isiyochapwa nakshi chini. Kata sehemu iliyo bapa, ioshe kwa sabuni mafuta yote yatoke, maana rangi haishiki penye mafuta. Unene unatofautiana, tafuta wa milimita 2 kwa sehemu ya katikati ya reli, nitaeleza kwa nini.

Sasa antena. Ivute yote utaona mirija inayoingiana. Tafuta ule wenye kipenyo cha milimita 2.5 hivi: ukiubana uwe mstatili, mzunguko wake unakupa karibu kabisa ile 1.6 kwa 2.3. Piga tupa kidogo. Kama chini ya ule mng'ao kuna njano, ni shaba ya manjano iliyopakwa kromu, chukua. Kama ni kijivu mpaka ndani, ni chuma kisichoshika risasi ya kuchomea, rudisha kwenye kopo.

Pasha mrija kwenye moto wa makala, yaani makaa, mpaka uwe mwekundu wa giza, uuache upoe, unakuwa laini. Saga msumari kwa tupa uwe bapa pande nne, uuingize ndani ya mrija, kisha bana kwa koleo taratibu, upande huu na ule, mpaka umbo lifuate msumari. Toa msumari. Kata kipande cha sentimita tatu, nyoosha mdomo wake juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo. Huo ni muhuri wa jiwe moja. Ubonyeze kwenye povu: kuta za mrija zinachora kiungo, na jiwe linabaki limeinuka ndani yake, hata kingo zake zinajiviringisha kidogo kama jiwe lililokanyagwa miaka mingi. Sindano haiwezi kukupa hilo.

Kwa muhuri mmoja utazeeka. Tengeneza mitano, kwangua kromu ubavuni mpaka njano ionekane, ipange mistatili imeshikana kwa ncha zake fupi juu ya kioo, midomo ikigusa kioo yote, halafu ichome pamoja kwa risasi ya redio. Weka risasi juu, mbali na midomo. Sasa kila ubonyezo ni mawe matano, na barabara yote ni mibonyezo elfu mbili na kitu. Mimi niliimaliza kwa jioni nne, redio ikiwa inaimba, na jioni mojawapo umeme ulikatika nikaendelea kwa taa ya simu. Ule muhuri wa jiwe moja usiutupe, utaziba pembeni na kando ya reli.

Chora mistari hafifu ya penseli kukata barabara, mmoja kila baada ya mistari mitano ya mawe. Bila hiyo mistari yako itaanza kupinda kidogo kidogo, na ukifika mwisho barabara inalalia upande mmoja. Anza mstari wa pili kwa kusogea nusu jiwe. Usibonyeze kwa nguvu. Nusu milimita inatosha. Nguvu ikizidi povu linakatika na jiwe linaruka.

Ukimaliza, barabara itakuwa safi mno. Chukua kokoto yenye uso mkwaruzo, mimi natumia kipande cha lile jiwe jeusi la mabaki ya kiwanda cha kuyeyushia shaba, watu wa hapa wanalijua, uiviringishe juu kwa wepisi. Halafu chagua sehemu mbili tatu uzibonyeze kwa kidole zizame kidogo, kama mahali walipofukua bomba la maji wakarudisha mawe vibaya. Hapo pia unaweza kukosea mpangilio kwa makusudi. Sehemu mbili tatu tu. Nilipoanza kuona raha ya kuharibu niliharibu kila mahali, ikawa barabara ya vita.

Penye reli

Hapa ndipo treni inapoanguka, kwa hiyo nenda polepole.

Gurudumu lina ukingo upande wa ndani, na ukingo huo unahitaji mfereji. Upana kati ya reli ni 16.5. Kipande cha povu cha katikati nakikata 13.5, kinabaki na milimita moja na nusu kila upande. Kwenye kona ongeza, acha mbili, kwa sababu vagoni ndefu zinajibana. Reli zangu zina kimo cha milimita 2.5 juu ya mataruma. Pima zako kabla. Povu la milimita 2 likilazwa moja kwa moja juu ya mataruma linakaa nusu milimita chini ya kichwa cha reli, na ndivyo unavyotaka. Ukilisawazisha na reli, kuna siku utasafisha reli na rangi yote ya mawe itaondoka na kitambaa, na mashini yenye tumbo la chini itakwaruza njiani.

Nje ya reli povu linaweza kusogea mpaka liguse chuma, nalo liwe chini kidogo, maana gurudumu ni pana kuliko reli. Vile vishikio vidogo vya plastiki vinavyobana reli kwenye taruma vitalisukuma juu. Kata upande wa chini wa povu kwa wembe, mshazari, likae. Chini ya barabara iliyobaki jaza kartoni mpaka usawa ufike.

Barabara ya kweli ina mgongo ili maji yateremke. Kamba ya kartoni ya milimita moja chini ya katikati inatosha kwa upana wa sentimita 7. Lakini reli haina mgongo, hivyo kamba hiyo iishie sentimita sita kabla ya reli, ukiikwangua taratibu mpaka iishe. Penye panda ya reli, pale zile ndimi zinaposogea, usilaze kitu. Acha wazi, weka kokoto, sogea mbele.

Gundi ni ile nyeupe ya maseremala na si nyingine. Ukilaza, weka uzito juu. Transfoma ya amplifaya ya kanisa moja, ambayo mwenyewe hajaifuata tangu mwaka juzi, inafanya kazi hiyo vizuri. Kabla gundi haijakauka sukuma vagoni kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, sikiliza. Ikigonga popote, rekebisha sasa. Mashini ipite kesho yake.

Rangi

Barabara yangu ya kwanza ya povu, iliyokamilika, mistari yote 350, niliipulizia rangi ya kopo. Niligeuka kuchukua kitambaa. Niliporudi mawe yalikuwa yanazama mbele ya macho yangu, kama sukari kwenye chai. Rangi ya kupuliza ina kimiminika kinachokula povu, na gundi ya viatu vilevile, na petroli vilevile. Binti yangu alicheka kwanza, halafu akaona uso wangu akaenda kunipikia chai.

Kwa hiyo ni rangi ya maji peke yake, ile ya ukutani. Twanga makala, ichekeche kwa soksi ya nailoni, changanya unga huo na gundi nyeupe na maji, upake barabara yote. Unapata weusi, na povu linapata ngozi ngumu. Ikikauka, chukua kijivu chenye tone la bluu, chovya brashi bapa, ifute kwenye gazeti mpaka uamini haina kitu, halafu ipitishe juu ya mawe kwa mshazari. Rangi inashika migongo, viungo vinabaki vyeusi. Rudia kwa kijivu cheupe kidogo, ukigusa kidogo zaidi katikati ya barabara mahali magurudumu yanapong'arisha.

Kisha keti na brashi nyembamba uchague jiwe moja katika kumi hivi: hili la kijani kidogo, lile la kahawia, lile jeusi. Yasifuatane. Jioni moja inatosha, na ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote.

Viungo vinataka vumbi. Mimi, kama mjinga, nilichota udongo nyuma ya nyumba, nikausugua kote, nikaridhika. Binti yangu akatazama akasema, “Papa, hapa si Ubelgiji, hapa ni Ruashi mwezi wa nane.” Ruashi ni mtaa wa mji wetu, na vumbi letu jekundu linajitangaza lenyewe. Niliosha nilichoweza. Sasa natumia majivu ya jiko na unga wa makala nusu kwa nusu, na kahawa kavu iliyokwisha kuchujwa kwa tope la pembeni. Kando ya reli weka kahawia ya kutu, nyembamba. Mahali mashini inaposimama, doa la mafuta: rangi nyeusi yenye gundi kidogo, ing'ae. Ukitaka majani kwenye mtaro, unga wa msumeno uliopakwa kijani, kidogo sana, na upande usiopitiwa.

Ukimaliza, funika meza kwa shuka. Kuanzia Mei hadi Septemba bila shuka utakuwa na Ruashi tena ndani ya wiki.

Reli zitataka kusafishwa mara kwa mara, na hapo usisahau habari ya petroli: tone moja likimwagika linachimba shimo. Tumia spiriti ya duka la dawa kwenye kitambaa kilichofungwa kidoleni. Mwezi mmoja spiriti ilikosekana, jirani akaniletea nusu chupa ya lutuku, pombe kali ya kienyeji, akasema hiyo inasafisha hata roho. Nilijaribu. Inasafisha reli, na povu halikuguswa. Lakini chumba kizima kilinuka mpaka jioni, na mama watoto aliporudi kutoka soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, alisimama mlangoni, akatazama chupa, akanitazama mimi nimepiga magoti na kitambaa mkononi, na maelezo yangu kuhusu magurudumu ya treni hakuyasikiliza hadi mwisho.